Nafasi Isiyokatika: Uhakiki wa Alama Isiyoonekana

Katika alama zote zitumikazo katika maandishi, nafasi tupu kati ya neno na neno ndiyo itajwayo kwa nadra. Koma ina sheria zake, nukta ina sheria zake, na herufi kubwa zimebishaniwa sana. Lakini nafasi hudhaniwa kuwa si kitu, bali ni kukosekana kwa kitu. Dhana hiyo haikuwa kweli hata zamani za chapa ya risasi, na leo si kweli hata kidogo. Ndani ya kompyuta nafasi ni alama kamili yenye namba yake, kama vile herufi na koma zilivyo na namba zao. Tena si alama moja, ni kadhaa. Miongoni mwazo iko moja ambayo mhariri wa maandishi ya Kiswahili huweza kuipokea bila kuiona, kuihifadhi bila kuijua, na kuipitisha kwa msomaji bila kuipa kibali. Hiyo ndiyo nafasi isiyokatika.

Kazi ya alama hii ni nyepesi kueleza. Ikiwekwa kati ya maneno mawili huyafunga pamoja, programu ya kuandikia isipate ruhusa ya kumaliza mstari baina yao. Kwa hiyo kifupisho "uk." hakitaachwa peke yake ukingoni mwa mstari, na "45" iliyo yake kuangukia mwanzo wa mstari unaofuata. Machoni pa msomaji wa karatasi nafasi hii haina tofauti na nafasi ya kawaida. Wino haupo hapa wala haupo pale. Tofauti iko katika tabia yake tu. Na kwa kuwa tofauti iko katika tabia wala si katika sura, swali la namna programu zinavyomwonyesha mhariri alama hii si swali la mafundi peke yao. Ni swali la maandishi yenyewe, na lastahili kuhakikiwa kama mambo mengine ya maandishi yanavyohakikiwa.

Yafaa kwanza kuona kwa nini alama ya namna hii ilihitajika. Mpanga chapa wa zamani alikuwa na nafasi mkononi mwake: kipande cha risasi kifupi kuliko herufi, kisichogusa karatasi, lakini chenye uzito na upana. Alipofika karibu na mwisho wa mstari aliuona mwisho huo, naye mwenyewe ndiye aliyeamua neno gani libaki na neno gani lishuke. Mpiga taipu naye aliusikia mwisho wa mstari kwa kengele ya mashine, akaamua vivyo hivyo. Katika hali zote mbili aliyemaliza mstari alikuwa mtu, na aghalabu mtu ajuaye lugha anayoiandika.

Programu za kuandikia ziliondoa uamuzi huo mikononi mwa mtu. Mwandishi huandika mfululizo, na programu ndiyo ikatayo mistari. Tena huikata upya kila neno moja linapoongezwa, kila karatasi inapobadilishwa ukubwa, na kila aina ya herufi inapobadilishwa. Mstari hauna tena mwisho unaojulikana na mwandishi. Yaliyo mwisho wa mstari leo yatakuwa katikati yake kesho. Kwa sababu hiyo mwandishi hawezi kungoja mwisho wa mstari ndipo aamue. Hana budi kuuacha uamuzi wake ndani ya maandishi mapema, kama mtu aachavyo wasia. Nafasi isiyokatika ni wasia wa mwandishi kwa mashine: popote mstari utakapoishia, maneno haya mawili yasitenganishwe.

Wasia huo ulipewa namba yake katika kanuni ya kimataifa ya herufi ijulikanayo kwa jina la ISO 8859-1, iliyotolewa mwaka 1987. Humo nafasi ya kawaida ilibaki na namba 32 iliyokuwa nayo tangu kanuni za kabla yake, na nafasi isiyokatika ikapewa namba 160. Kanuni ya Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991 kwa nia ya kukusanya maandishi ya lugha zote, iliziweka zote mbili kwa namba zile zile. Na mwaka 1999 ikaongeza nafasi nyingine isiyokatika iliyo nyembamba zaidi. Katika sheria za Unicode za kukata mistari, alama hizi zimewekwa katika kundi la "gundi", na jina hilo lasema yote.

Maana ya alama, basi, imekwisha kuthibitishwa. Lakini sheria zinazosema jinsi alama itakavyotenda hazikuilazimisha programu yoyote kuhusu jinsi ya kumwonyesha mhariri kwamba alama ipo. Hapo kila mtengenezaji alifuata rai yake. Katika kuzipima rai hizo yatosha kuuliza mambo matatu. Je, mwenye kusahihisha aiona alama bila kuitafuta? Je, akiiona, aweza kuitofautisha na alama nyingine zote? Na je, alama hiyo yafichika kabisa kwa msomaji wa mwisho, isiharibu ukurasa? Programu ikishindwa katika la kwanza, mhariri atatia sahihi asichokisoma. Ikishindwa katika la pili, atasoma kisichoandikwa. Ikishindwa katika la tatu, mzigo wa mhariri utakuwa wa msomaji.

Ya kwanza kupimwa ni TeX, programu ya kupanga chapa iliyobuniwa na Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kutolewa kwanza mwaka 1978. Humo nafasi isiyokatika huandikwa kwa alama ya wimbi, ~, nayo yaonekana katika maandishi ya mwandishi kama herufi nyingine yoyote. Katika kitabu cha kuieleza programu hiyo, kilichotolewa mwaka 1984, Knuth aliwashauri waandishi wazoee kuifikiria alama hiyo tangu wanapopiga chapa, wala wasingoje mpaka mwisho. Ushauri huo una busara, kwa maana aliyeandika ndiye ajuaye maneno gani yameshikamana. Kwa maswali mawili ya kwanza TeX haina mshindani: alama haiwezi kupita bila kuonekana, na haifanani na alama nyingine itumikayo kwa kawaida. Hata kwa swali la tatu imefaulu, kwa kuwa katika ukurasa uliochapwa wimbi hutoweka, na nafasi yake hupanuka na kubanwa sawa na nafasi nyingine za mstari. Upungufu wake ni mmoja: mwandishi husoma maandishi yake yakiwa yamejaa alama zisizo za lugha. Asiyezoea huchoka, na mwenye kupima mizani ya shairi hukwazwa na mawimbi ambayo mshairi hakuyatunga. Hata hivyo uchovu wa macho ni bei ndogo kwa ukweli.

Programu ya Word ya Microsoft ilifuata njia nyingine. Humo alama huingizwa kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl na Shift pamoja na kitufe cha nafasi. Kwa desturi kioo huonyesha weupe tu. Nafasi isiyokatika na nafasi ya kawaida hazitofautiani hata kidogo. Mhariri akiagiza alama za siri zionyeshwe, ndipo nafasi ya kawaida hutokea kama nukta ndogo katikati ya urefu wa mstari, na nafasi isiyokatika hutokea kama kiduara kidogo kilichoinuliwa. Hapa yako makosa mawili. La kwanza ni kwamba ukweli umefanywa kuwa jambo la kuombwa. Asiyejua kwamba kuna kitu cha kuomba hataomba, naye ndiye mwenye kuuhitaji zaidi. La pili ni kwamba kiduara hicho chafanana mno na alama ya nyuzi itumikayo katika vipimo vya joto. Palipoandikwa 25, kisha nafasi isiyokatika, kisha herufi C, kioo chaonyesha kitu ambacho jicho lenye haraka litakisoma kuwa nyuzi 25 za Selsiasi; kumbe karatasi itakapotoka haitakuwa na alama ya nyuzi hata moja. Alama iliyobuniwa kumsaidia msahihishaji imemfanya asome kisichoandikwa.

Ya tatu ni Writer, programu ya kuandikia iliyo katika LibreOffice. Hii, kwa desturi yake ya muda mrefu, hukipaka kivuli cha kijivu kile kipande cha mstari kilicho na nafasi isiyokatika, na kivuli hicho hakichapwi. Kwa swali la kwanza hii ni hatua njema. Mhariri aliyetulia hawezi kukosa kuliona doa hilo. Lakini kivuli hicho hicho hupakwa pia juu ya kistari kisichokatika, na juu ya maneno yanayoandikwa na programu yenyewe, kama vile namba za kurasa na tarehe. Kijivu, basi, husema tu kwamba "hapa pana jambo", wala hakisemi ni jambo gani. Tena mhariri aweza kukiondoa kivuli kwa agizo moja, na akisahau kukirudisha hana tofauti na mwenzake wa Word.

Ya nne si programu moja bali ni kurasa za intaneti. Katika lugha ya kuziandikia kurasa hizo alama ina jina la wazi,  , na aisomaye kurasa katika umbo lake la ndani huliona jina hilo bila shida. Tatizo liko katika visanduku vya kuandikia vilivyomo ndani ya kurasa zenyewe. Kurasa hizo hukusanya nafasi za kawaida zilizofuatana na kuzionyesha kama nafasi moja. Kwa hiyo mwandishi akibonyeza kitufe cha nafasi mara mbili au tatu, programu, ili isimwonyeshe kwamba nafasi zake zimepotea, huweka nafasi zisizokatika badala ya baadhi yake. Hapo wasia umeandikwa pasipo mwenye kuusia. Maandishi hayo yakinakiliwa na kutiwa katika programu nyingine, alama husafiri pamoja nayo kimya kimya.

Mara moja moja alama hii hujifichua yenyewe, lakini kwa sura isiyo yake. Katika namna ya uhifadhi iitwayo UTF-8 nafasi isiyokatika huandikwa kwa namba mbili zilizofuatana, 194 na 160. Programu ikiyasoma maandishi hayo kwa kanuni ya 1987 badala ya UTF-8, huiona 194 kuwa herufi kamili, nayo ni herufi A kubwa yenye kofia: Â. Ndiyo maana maandishi yaliyohamishwa vibaya huonekana yametapakaa herufi hiyo isiyokuwa na kazi katika Kiswahili. Wengi huifuta kwa hasira wasijue ni kitu gani. Walakini herufi hiyo ni shahidi: yaonyesha kila mahali ambapo nafasi isiyokatika ilikuwa imejificha tangu mwanzo.

Kabla ya kuacha jambo la sura, yafaa kuangalia pia upana. Mistari inaposawazishwa pande zote mbili za ukurasa, programu huzipanua nafasi ili mstari ufike ukingoni. Sheria za Unicode zinasema kwamba nafasi isiyokatika ipanuke pamoja na nafasi ya kawaida. Matoleo ya Word ya kabla ya mwaka 2013 hayakufanya hivyo; humo nafasi isiyokatika ilibaki na upana mmoja. Katika Kiingereza, chenye maneno mafupi na nafasi nyingi katika mstari, kasoro hiyo yaweza kupita bila kuonekana. Katika Kiswahili haipiti. Neno moja kama "hawatakushughulikia" lina herufi 19, na mstari wenye maneno ya namna hiyo huwa na nafasi chache za kugawana upana uliobaki. Ikiwa mstari una nafasi sita, na upana wa kugawanywa ni milimita 12, kila nafasi hupata milimita 2. Moja ikikataa kupanuka, tano zilizobaki hupata milimita 2.4 kila moja, na ile ya sita hupata sifuri. Jicho la msomaji huona maneno mawili yamegandamana katikati ya maneno yaliyotawanyika, nalo hudhani ni kosa la mpanga chapa. Hapo programu imeshindwa swali la tatu: imemfunulia msomaji kilichopaswa kufichwa kwake, baada ya kumficha mhariri kilichopaswa kufunuliwa kwake.

Lakini itakuwa si haki kuzilaumu programu peke yake. Sheria ya kuitumia alama hii katika Kiswahili haiwezi kutoka kwa watengenezaji wa programu. Ni juu ya wajuzi wa lugha. Sheria zilizoenea katika vitabu vya wapiga chapa wa Ulaya zilitungwa kwa lugha za Ulaya. Katika Kiingereza namba hutangulia kipimo chake, na sheria husema namba isiachwe nyuma ya kipimo. Katika Kiswahili namba hufuata: kilomita 20, shilingi 500, saa 3, sura ya 7. Kinachoweza kuharibika si kipimo kuachwa bali ni namba tupu kuangukia mwanzo wa mstari, ambapo msomaji aweza kuidhania kuwa ni namba ya aya. Kwa hiyo lililo muhimu katika Kiswahili ni kuifunga namba na neno linaloitangulia, hasa neno hilo likiwa kifupisho: uk., Sh., Na., Juz. Kadhalika Bw. na Bi. zifungwe na jina la mtu, kwa kuwa heshima ikiachwa ukingoni na mwenyewe akashuka chini, si heshima kamili.

Je, kifungo hicho kiendelee mpaka kwenye maneno mafupi kama "ya", "wa", "cha", "ni" na "si"? Wako waandishi wa lugha nyingine waliojiwekea desturi ya namna hiyo. Waandishi wa Kicheki, kwa mfano, hawaachi mwisho wa mstari vihusishi vyao vyenye herufi moja tu. Mtu aweza kusema kwamba "cha" katika "cha mtoto" hutamkwa pamoja na neno linalofuata, na kwamba "si" ikiachwa mwisho wa mstari, msomaji huweza kuupita ukanusho bila kuuona. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa "si" yaweza kukubaliwa pale ambapo maana ya sentensi yategemea ukanusho huo. Lakini kwa maneno ya kuunganishia haifai. Yachukuliwe maneno haya: kitabu cha mwalimu wa shule ya kijiji. Kuna maneno saba na nafasi sita. Kila neno la kuunganishia likifungwa na lifuatalo, nafasi tatu zimeziba, na programu imebakiwa na pahali patatu tu pa kukata mstari. Lugha iliyojaa viunganishi vya namna hiyo, na ambayo maneno yake tayari ni marefu, haiwezi kubeba mzigo huo bila mistari yake kuwa na mapengo.

Tena iko hatari iliyo kubwa kuliko mapengo. Swali la maneno gani yaandikwe pamoja na maneno gani yaachanishwe ni swali la zamani katika lugha za Kibantu. Kizulu kiliandikwa kwa kuunganisha, Kitswana na Kisotho kwa kutenganisha, na Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa tangu mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, kiliunganisha viambishi vya kitenzi na kuliacha peke yake neno la kuunganishia. Nafasi isiyokatika humshawishi mtu kudhani kwamba amepata njia ya kati: maneno yameachana machoni na yameshikamana ndani. Ushawishi huo yapasa ukataliwe. Uamuzi wa tahajia ni mkataba kati ya mwandishi na msomaji, na mkataba hauandikwi kwa alama ambayo upande mmoja hauwezi kuisoma.

Kwa upande wa mashairi jambo hili lina uzito wa pekee. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nayo hugawanyika katika vipande viwili vya mizani nane nane. Wapiga chapa wameonyesha mgawanyo huo kwa koma, au kwa pengo pana katikati ya mstari, au kwa kuandika kila kipande katika mstari wake. Palipochaguliwa pengo, mwandishi wa kompyuta hulitengeneza kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi. Na kama alivyoona msomaji, katika visanduku vya intaneti mibonyezo hiyo huzaa nafasi zisizokatika. Matokeo yake ni kinyume kabisa cha sheria ya ushairi. Shairi likisomwa katika kioo chembamba cha simu, mshororo mzima hautoshi na hauna budi kukatwa. Mahali pafaapo kukatwa ni pamoja tu, nako ni baina ya ukwapi na utao, ambapo sauti yenyewe hupumzika. Lakini pengo lile limejaa gundi, na programu imekatazwa kukata hapo. Basi hukata penginepo, baada ya mizani tano au kumi na moja, na msomaji asiyelijua shairi hulisoma kwa vituo ambavyo mtungaji hakuviweka.

Ajabu ni kwamba alama hiyo hiyo ikiwekwa mahali pake ingekuwa mlinzi wa mizani. Nafasi zilizomo ndani ya kila kipande zikiwa zisizokatika, na nafasi iliyo baina ya vipande ikiwa ya kawaida, programu itakuwa na pahali pamoja tu pa kukata, napo ndipo pafaapo. Kioo kikiwa kipana mshororo utabaki mzima; kikiwa chembamba utagawanyika katika vipande viwili vya mizani nane nane, kama vile wachapaji waangalifu walivyozoea kuugawanya kwa mkono. Kilichoharibu shairi na kinachoweza kulihifadhi ni kitu kimoja. Tofauti ni ujuzi wa aliyekiweka, na ujuzi hauwezekani pasipo kuona.

Limebaki jambo la hesabu, ambalo lawahusu zaidi wachunguzi wa lugha. Siku hizi maandishi ya Kiswahili hukusanywa katika kompyuta ili maneno yahesabiwe na matumizi yake yalinganishwe. Programu ya kuhesabu hutenganisha maneno kwa kutazama nafasi. Ikiwa imefundishwa namba 32 peke yake, "kwa sababu" iliyoandikwa kwa nafasi isiyokatika itahesabiwa kuwa neno moja geni, wala haitaonekana katika orodha ya "kwa" wala ya "sababu". Mchunguzi hataona kosa, kwa kuwa kioo chake kitamwonyesha maneno mawili yaliyoachana vizuri.

Wala makosa hayo hayatawanyiki sawasawa. Waandishi wa Kifaransa huweka nafasi isiyokatika mbele ya alama ya kuuliza, ya mshangao, ya nukta mkato na ya nukta mbili, na programu ya Word, ikiambiwa kwamba lugha ni Kifaransa, huiweka yenyewe. Mwandishi wa Kiswahili wa Lubumbashi au Bukavu, ambaye kompyuta yake imepangwa kwa Kifaransa, huweza kupata alama hizo katika Kiswahili chake bila kuzitaka. Mwenzake wa Dar es Salaam au Mombasa hatazipata. Maandishi yao yakiwekwa katika mkusanyo mmoja, tofauti ya mipango ya kompyuta yaweza kudhaniwa kuwa tofauti ya lahaja. Mchunguzi atakayejenga hoja juu ya tofauti hiyo atakuwa amejenga juu ya weupe wa karatasi.

Hukumu juu ya programu hizi, basi, ni hii. TeX husema kweli lakini humchosha msikilizaji. Writer hudokeza bila kufafanua. Word hunyamaza mpaka iulizwe, na ikiulizwa hujibu kwa alama yenye utata. Na visanduku vya intaneti huandika visivyoandikwa na mwandishi. Programu ifaayo ingekuwa ile inayoonyesha alama hii daima kwa mwenye kuhariri, kwa sura isiyofanana na alama yoyote ya lugha wala ya vipimo, na kuificha daima kwa mwenye kusoma.

Mpaka programu hiyo ipatikane, wahariri wa Kiswahili hawana budi kujilinda kwa kutenganisha nakala mbili. Nakala ya hifadhi, ile itakayohesabiwa na kulinganishwa na vizazi vijavyo, iwe na nafasi za kawaida tu, na kila nafasi isiyokatika itafutwe na kuondolewa kabla ya kuwekwa humo. Mgawanyo wa vipande vya shairi uonyeshwe humo kwa alama inayosomeka, kama koma, wala si kwa wingi wa nafasi. Nakala ya chapa ndiyo itiwe vifungo vyake: vifupisho kwa namba zao, vyeo kwa majina yao, na maneno ya kipande kimoja kwa wenzake. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa aijuaye. Kwa asiyeijua haifanyiki kamwe, na maandishi aliyokabidhiwa yataendelea kubeba maagizo ambayo hakuna mtu aliyeyatoa.